Mgonjwa wa Mwisho Siku ya Alhamisi

Glavu nilizozikuta kazini zilikuwa zinafuliwa. Nawaandikia nyie mliobaki pale chumba cha upasuaji, na najua hapo tu wengine mmeshacheka, maana nyie glavu mnaichomoa kwenye boksi, mnaivaa, mnaitupa, na siku boksi likiisha mnakaa kwenye benchi na kusema kazi imesimama. Sisi tulizifua kwa sabuni, tukazianika kwenye kamba nyuma ya jengo kama nguo za mtoto mchanga, halafu mtu anakaa na beseni la maji, anajaza moja moja kuona kama kuna kidole kilichotoboka. Iliyotoboka ilikwenda kwa wafanya usafi. Iliyo nzima ilipakwa poda, ikafungwa kwenye kitambaa, ikaingia kwenye mtungi wa mvuke. Hiyo ndiyo kazi niliyoanza nayo, na niliifanya muda mrefu kabla sijaruhusiwa kusimama karibu na tumbo la mtu lililofunguliwa.

Aliyenipa kazi hiyo alikuwa Sista Anastazia, mkuu wetu wa chumba cha upasuaji. Alikuwa Mfipa, mrefu, mtu wa maneno machache, na hayo machache hakuyapaka sukari. Mpanda wakati huo ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa na vifaa vyetu vingi vilikuja kwa treni kutoka Tabora. Treni ikichelewa, na upasuaji wa ngiri za watu ulichelewa. Mimi nilitoka Usevya, mtoto wa wakulima wa mpunga, nikiwa na cheti cha uuguzi na viatu vipya vinavyobana. Wagonjwa waliniita daktari kwa sababu ni mwanaume. Sista, aliyekuwa anajua mambo mengi kuliko nitakayowahi kujua mimi, walimwita sista tu. Siku moja nikataka kuwasahihisha, akanizuia.

"Waache, Gaspari. Wakijua wewe ni nesi watakuagiza bedipani."

Siku niliyoingizwa ndani kusaidia kwa mara ya kwanza, mgonjwa alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka Inyonga, amekonda sana. Ilikuwa miaka ile ambayo mtu akikonda tu, majirani wanaanza kumhesabia siku. Nikamsogelea Sista nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ana ule ugonjwa?"

Akaacha kunawa, mikono imeinuliwa, maji yanachuruzika kwenye viwiko.

"Ukishajua ana, utafanyaje?"

"Nitavaa vizuri. Glavu mbili, aproni, miwani."

"Na ukijua hana?"

Nikatazama sinki.

"Basi vaa hivyo kwa kila mtu, na usiniulize tena swali hilo."

Nimehudhuria semina nyingi za kuzuia maambukizi tangu siku hiyo. Zilikuwa na soda, zilikuwa na vyeti, nyingine zilikuwa na fulana. Hakuna hata moja iliyonifundisha zaidi ya pale kwenye sinki. Sista alinifundisha pia kwamba kisu na sindano havitoki mkononi kwenda mkononi. Unaweka kwenye kibeseni, mwenzako anaokota. Alinifundisha kwamba sakafu inapigwa dawa baada ya kila mgonjwa, na aliposema kila mgonjwa alimaanisha hata yule aliyekuja kutolewa jipu. Ukipitisha deki kivivu alikunyang'anya fagio la kudekia na kuanza upya mwenyewe, mbele ya watu wote, bila kukugombeza. Ilikuwa afadhali akugombeze.

Miaka ikaenda. Vyeo na mishahara siandiki, mlio na hamu ya hayo mkaulize utumishi. Tukapata mkoa wetu wenyewe, tukapata glavu za boksi, na tukapata vipimo vya haraka, vile vya kudondoshea tone la damu na kusubiri mstari. Likaja agizo kwamba mgonjwa yeyote wa upasuaji wa kupangwa, yaani ule ambao si wa dharura, asipande kitandani bila majibu: wingi wa damu, kundi la damu, Ukimwi, kaswende, na homa ya ini.

Nataka mnielewe hapa, maana najua mtakavyokwenda kunisimulia vibaya. Kipimo chenyewe sina ugomvi nacho. Kipimo kimewasaidia watu wengi. Mtu alikuja na ngiri akaondoka ameanzishiwa dawa za ugonjwa ambao ungemmaliza kimyakimya. Mama alikuja na uvimbe tukakuta kaswende, akatibiwa yeye na mumewe. Kama majibu yangekuwa kwa faida ya mwenye damu yake, nisingekuwa na la kuandika leo.

Tatizo lilianzia kwenye kikao cha asubuhi. Daktari wetu wa upasuaji, nitamwita Dokta Lameck, alisema kuanzia wiki ile wenye majibu mabaya watakuwa wa mwisho kwenye ratiba, ili chumba kiweze kuoshwa vizuri baada yao. Sista Anastazia alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Akanyoosha mkono.

"Dokta, kama tunaweza kukiosha chumba vizuri baada ya mtu wa mwisho, kwa nini hatukioshi vizuri baada ya wa kwanza?"

Watu wakaangalia meza.

"Sista, tunaosha. Ni tahadhari ya ziada tu."

"Tahadhari ya nani?"

"Ya wagonjwa. Na ya kwetu pia, tuseme ukweli."

"Kipimo kina siku ambazo ugonjwa upo na chenyewe hakiuoni. Hao wa siku hizo mtawaweka wa ngapi?"

Dokta Lameck akasema suala hilo litajadiliwa kikao kijacho. Halikujadiliwa. Sista akastaafu, akarudi kwao Ufipa, na mimi nikakabidhiwa funguo za makabati yake. Utaratibu ukabaki.

Dokta Lameck hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa kuna siku natamani ingekuwa uongo, ingenirahisishia. Alikuwa na mikono mizuri kuliko daktari yeyote niliyempa kisu. Lakini akiwa mwanafunzi alichomwa na sindano ya mgonjwa, akakaa miezi akisubiri majibu yake mwenyewe, na nadhani hakuwahi kutoka kwenye miezi ile. Mwenzake katika jambo hili alikuwa Yusufu, mtaalamu wetu wa usingizi, mtoto wa wenye maduka pale mjini, mcheshi, mtu wa kumshika mgonjwa bega mpaka asinzie. Yusufu ndiye aliyeandika ratiba kwenye ubao mweupe. Ubao wenyewe ulikuwa ukutani kwenye korido, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, mahali ambapo mgonjwa, ndugu wa mgonjwa, muuza maandazi na yeyote mwenye macho angeweza kuusoma.

Wale wenye majibu mazuri Yusufu aliwaita "safi". "Leo nina safi wanne na mmoja wa mwisho." Neno hilo likaenea mpaka kwa wafanya usafi. Hakuna aliyejiuliza wale wengine basi tunawaitaje.

Kuwa wa mwisho siku ya Alhamisi, siku yetu ya upasuaji wa kupangwa, maana yake haikuwa kungoja tu. Nyie mnakijua chumba chetu. Umeme unakatika, maji yanaisha kwenye tangi, mama anakuja na uchungu umekwama anahitaji kupasuliwa sasa hivi. Kila linapotokea la kutokea, anayekatwa kwenye ratiba ni yule wa chini. Mtu ameshinda na njaa toka alfajiri, ameshavalishwa gauni, halafu jioni anaambiwa ale, mpaka Alhamisi nyingine.

Ndipo akaja Regina.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amezaliwa Mwamkulu, ameolewa Kakese, mkulima wa mpunga, mama wa watoto watatu. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi na alikuwa akitokwa damu kwa miezi mingi, mpaka fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi. Tulimwongezea damu kwanza, halafu akapangiwa upasuaji. Uvimbe ungetolewa, kizazi kingebaki. Nilikwenda wodini kumwandaa kama ninavyowaandaa wote, nikamweleza asile nini, avue nini. Akanisikiliza, halafu akasema, "Dokta, akina mama wa kanisani kwetu sikukuu wanavaa nyeupe. Mimi nimekuwa nikivaa kaniki, nyeusi, damu isionekane. Safari hii nitavaa nyeupe na mimi." Akacheka na kujiziba mdomo.

Majibu yake ya Ukimwi hayakuwa na kitu. Kaswende hakuna. Homa ya ini, mstari ukatokea. Mshauri wetu wa vipimo akamweleza Regina peke yake, kama inavyotakiwa. Yusufu akamwandika wa mwisho.

Alhamisi ya kwanza ikaja dharura ya mama mjamzito. Ya pili maji yakaisha. Ya tatu Dokta Lameck aliitwa kwenye kikao mjini na akarudi wakati mashine ya oksijeni imeshazimwa. Regina hakulalamika. Alikuwa akirudi kitandani, anakunja lile gauni letu la kijani vizuri kama la kwake, analiweka kwenye kiti.

Aliyekuwa anamuuguza ni wifi yake, dada wa mume, anaitwa Odilia. Mwanamke mchapakazi, anapika nje kwenye mafiga, anamwogesha, anamfulia. Sina ubaya naye kwa hayo. Lakini wodi ina masikio. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekaa pale muda mrefu kuliko baadhi ya manesi, alimweleza Odilia kwamba wanaokuwa wa mwisho ni wale wenye ule ugonjwa, na kwamba kila mtu anajua.

Odilia akanisubiri kwenye korido, chini ya ubao.

"Dokta, samahani. Nina swali dogo. Wifi yangu anaumwa nini?"

"Ana uvimbe kwenye kizazi, mama. Mlielezwa."

"Hilo nalijua. Nauliza kwa nini yeye ni wa mwisho kila siku. Yule mzee wa ngiri kaja juzi, leo keshapasuliwa. Sisi tumekuwa kama wapangaji hapa."

"Ratiba inapangwa na daktari."

"Ana ule ugonjwa?"

"Mama, majibu ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Siwezi kukupa. Hata ungekuwa mama yake mzazi."

Akanitazama, mikono kiunoni, sufuria la uji limewekwa chini karibu na miguu yake.

"Kama hana, ungesema hana."

Fikirieni nyie mngemjibu nini. Mimi nimekuwa na muda wa kutosha kufikiri na bado sijapata. Nikisema hana, nimetoa siri, na kesho kwa mwingine nikikaa kimya nimemtangaza. Nikinyamaza, nimemtangaza huyu. Sheria ya kutunza siri tuliifuata neno kwa neno, majibu yalikaa kwenye kabati limefungwa kwa kufuli, na ubao ukutani ulikuwa unayasoma kwa sauti kila Alhamisi.

Nikaenda kwa Regina. Nikamweleza wifi yake anachofikiria. Akavuta kanga akajifunika mabega ingawa joto lilikuwa kali.

"Mwambie," akasema. "Mwambie ni ini. Mwambie na Ukimwi nilipimwa, sina. Mimi mwenyewe nimeruhusu."

Nikamwita mshauri, tukakaa wanne. Mshauri akaeleza vizuri, taratibu, kwamba homa ya ini ni ugonjwa mwingine, kwamba watu wengi wanao bila kujua, kwamba una chanjo, kwamba mume na watoto waje wapimwe wachanjwe. Odilia alisikiliza mpaka mwisho.

"Homa ya ini mbona macho yake si ya njano?"

"Si lazima yawe ya njano, mama."

"Na mzee wa ngiri, yeye mlimpima ini?"

"Wote tunawapima."

"Sawa." Akasimama, akapangusa kitenge chake. "Mmekubaliana vizuri nyie watatu."

Jioni ile alimpigia kaka yake simu. Siku ya pili mume akaja na bodaboda kutoka Kakese. Hakuingia wodini. Alisimama langoni akazungumza na dada yake, na dada yake akarudi ndani, akakusanya sufuria, beseni, ndoo, mkeka na kisu cha kukatia nyanya. Alimwachia Regina kikombe cha plastiki. Nilikuwa nikipita na toroli la vyombo, nikaona kikombe kile juu ya kabati, na Regina amelala ameelekea ukutani.

Nikaenda moja kwa moja kwa Dokta Lameck nikamwomba amfanye Regina wa kwanza Alhamisi inayofuata. Nilimweleza yote, mpaka la kikombe.

"Gaspari, naelewa. Lakini nikimtanguliza mmoja, wengine watauliza. Alhamisi nakuahidi hatakatwa."

"Atakuwa wa ngapi?"

"Utaratibu unaujua."

Yusufu alikuwa pale, anakunywa chai. Aliweka kikombe chini akaniambia kwa upole, maana ndivyo alivyokuwa, "Kaka, wewe unasimama upande wa vyombo. Mimi nakaa kichwani. Mate, matapishi, damu ya mdomoni, vyote vyangu. Nina watoto. Niache nianze na safi."

Regina hakusubiri Alhamisi. Asubuhi moja tulikuta kitanda kimetandikwa na gauni la kijani limekunjwa kwenye kiti. Alikuwa amekwenda kwa wazazi wake Mwamkulu, kwa sababu Kakese vitu vyake vilikuwa vimeshatolewa nje.

Alirudi masika. Ilikuwa Jumapili mchana, aliletwa kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na kaka yake ili asianguke, na kanga alizofungwa zilikuwa zimelowa damu hadi nyuma ya pikipiki. Mapigo yake yalikuwa hayashikiki mkononi. Na sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye uchungu wangu. Hakuna aliyeuliza majibu. Hakuna aliyesema apelekwe maabara kwanza. Dokta Lameck alitoka nyumbani na ndala akaingia kunawa. Yusufu alikuwa ameshafika kichwani kwake, anamshika bega, anamwambia, "Regina, nipo hapa, vuta pumzi." Kaka yake akatoa damu. Dokta alifanya kazi siku ile kama mtu aliyezaliwa kwa ajili ya saa ile. Lakini kizazi kilikuwa hakiokoleki tena, akakitoa.

Tulipomaliza tukaosha sakafu, tukabadilisha mashuka, na kabla hapajakauka vizuri tukamwingiza mama wa uchungu aliyekuwa anasubiri. Juu ya kitanda kile kile. Mtoto akatoka analia, tukafurahi. Hakuna aliyekumbuka kwamba aliyetangulia hakuwa "safi". Nilisimama na fagio mkononi nikimtazama Yusufu, nikisubiri aseme chochote. Alikuwa anaimba kidogo kidogo, kama kawaida yake akichoka.

Regina alipona. Mume alioa mwingine. Watoto wakabaki Kakese kwa baba yao. Watu wa Kakese wana hakika mpaka leo alichokuwa nacho ni kipi, na kipimo chochote ukiwaonyesha watasema tumekubaliana.

Sasa niwasimulie ubao ulivyotoka kwenye korido, maana nyie mmekuta haupo na mkadhani ni kwa sababu tulistaarabika.

Baada ya muda ikaja chanjo ya homa ya ini kwa watumishi. Kabla ya kuchanjwa mtu anapimwa, maana ukiwa nao tayari chanjo haina kazi. Tulipanga foleni tukitaniana. Yusufu alikuwa mbele yangu, alikuwa akisema akikuta sindano nene atazimia, asihitaji hata dawa ya usingizi. Mstari wake ukatokea.

Ugonjwa ulitoka wapi, hakuna anayejua. Inawezekana alizaliwa nao. Yeye mwenyewe alinieleza kwamba kuna wakati alijichoma akimwondolea mtu sindano ya dripu, na hakutoa taarifa kwa sababu mtu yule alikuwa safi, wa kwanza kabisa kwenye ubao. Kwa wa mwisho Yusufu alivaa glavu mbili na miwani. Kwa safi alivaa moja, na akiwa na haraka ya dripu, wakati mwingine hakuvaa. Nilimsikiliza nikamkumbuka Sista. Sikumwambia kitu. Angekuwa adui yangu ningemwambia.

Aliendelea na kazi, na afya yake ilikuwa nzuri. Ila alikuwa na ngiri ya siku nyingi, na ikaanza kumsumbua kwenye kuinama. Akapangiwa upasuaji kwetu, kwa Dokta Lameck. Ratiba siku hizo ilikuwa inaandikwa na binti mgeni wa usingizi, ametoka chuoni, amefundishwa kazi na Yusufu mwenyewe. Akafuata utaratibu. Alhamisi asubuhi Yusufu akatoka wodini na gauni la kijani, miguu mitupu, akasimama mbele ya ubao.

"Gaspari," akaniita. "Wameniandika chini."

Nilikuwa nimebeba trei ya vyombo. Ningeweza kusema mengine, lakini lililotoka ni hili: "Ratiba inapangwa na daktari."

Wafanya usafi walikuwa wanapita. Muuza maandazi alikuwa mlangoni. Yusufu akakaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, akavuta gauni lifunike magoti, na sijawahi kumwona mtu mzima akawa mdogo namna ile.

Dokta Lameck akaja, akaona Yusufu kwenye benchi, akaona ubao. Akafuta jina kwa kiganja chake, si kwa kifutio, akaliandika juu. Yusufu akapasuliwa wa kwanza asubuhi ile. Nilimpa Dokta vyombo mwenyewe, kwenye kibeseni. Baada yake tukaosha sakafu na kumwingiza bibi mmoja wa Mwamkulu, na bibi yule hakupata ugonjwa wowote.

Jumatatu iliyofuata kikao kikaamua kwamba majibu ya vipimo yatumike kwa matibabu ya mgonjwa tu, ratiba ifuate hali ya mtu na mahitaji yake, tahadhari ziwe sawa kwa wote, na ubao uhamishiwe ndani. Dokta Lameck alizungumza vizuri. Watu wakapiga makofi. Yusufu alikuwa bado kitandani, wakamtumia salamu.

Nikanyoosha mkono nikasema nafurahi, ila jambo hili lingefanyika mapema, Regina angekuwa na kizazi chake na nyumba yake.

Wakatazamana. Matroni akauliza kwa nia njema kabisa, "Regina yupi?"

Huo ndio utaratibu mliourithi, vijana. Ni mzuri, ulindeni. Vaeni kwa kila mtu kama mnavyovaa kwa yule mnayemwogopa. Osheni baada ya kila mtu. Ukichomwa toa taarifa saa ile ile, hata kama aliyekuchoma ni askofu. Na mkimpima mtu, mpimeni kwa ajili yake. Ila mtu akiwaambia tulibadilika kwa sababu tulisoma, au kwa sababu semina zilitufungua macho, mjue mimi nilikuwepo.

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndiyo nitahitaji kujua muda. Wiki chache baadaye nilikwenda sokoni mjini kununua mchele, na kwenye meza za mchele nikasikia mtu anaita, "Dokta!" Nikageuka. Alikuwa Regina, amenenepa kidogo, kilemba kichwani, magunia mbele yake. Ana meza yake mwenyewe sasa. Tukasalimiana sana. Nikauliza watoto. Akasema yule mkubwa huwa anapita akitumwa mjini.

Sijui kwa nini nilimwambia. Nadhani nilitaka awe na kitu cha kushika mkononi. Nikamwambia ule utaratibu wa kuwaweka watu mwisho umefutwa, siku nyingi sasa, hakuna tena.

Akaacha kupima mchele.

"Mlifuta kwa ajili ya nani?"

Nilistaafu bila kumdanganya mgonjwa, nikaona nisianzie sokoni. "Mwenzetu mmoja wa kazini alikutwa na homa ya ini. Ikabidi apasuliwe."

"Kama yangu?"

"Kama yako."

"Na yeye alikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza," nikasema.

Regina akatikisa kichwa taratibu, akainua kopo, akamalizia kunipimia mchele wangu. Aliufunga vizuri. Nilipotoa pesa alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine.